Sura ya saa isiyonyonya betri: acha vihisi vilale

Sura ya saa janja, yaani kile kinachochorwa kwenye kioo chake kuonyesha wakati, ndiyo programu inayokaa kazini tangu mtu anapoivaa saa mpaka anapoivua. Nyingine hufunguliwa, zikafungwa. Siku moja ina dakika 1,440 na sekunde 86,400. Ukichora upya kila sekunde pale ambapo dakika ingetosha, umeiamsha prosesa mara 60 zaidi bila sababu.

Sura yangu ya kwanza ya kuonyesha mapigo ya moyo niliifurahia sana mchana kutwa. Namba ilikuwa ikibadilika mbele ya macho yangu. Usiku nikaivua saa na kuilaza mezani, mgongo juu, nikazima taa. Chumba kizima giza, ila ile saa ilikuwa inamulika kijani bila kukoma, inatafuta mapigo ya mkono ambao haupo. Nilikuwa nimesajili kihisi cha mapigo sura ilipoanza, yaani nimeuomba mfumo ukiwashe na kuniletea vipimo, kisha sikuandika popote mstari wa kukiachia. Asubuhi betri ilikuwa imekwisha.

Mwanga ule wa kijani ndio wenye gharama. Damu hunyonya kijani, kwa hiyo saa humulika ngozi na kupima kiasi cha mwanga kinachorudi kila moyo unapopiga. Kuwasha taa hizo mfululizo hula chaji kuliko kihisi cha mwendo. Tena hatua za kutembea huna haja ya kuzihesabu mwenyewe, kwa sababu mfumo wa saa umeshazihesabu. Omba jumla, usiombe mitikisiko.

Ndiyo maana naupenda utaratibu wa Garmin, ingawa wapo wanaoulalamikia. Ukiandika sura kwa Monkey C, lugha ya programu ya saa za Garmin, huruhusiwi kufungua vihisi moja kwa moja. Unasoma kile ambacho saa imekwisha kupima. Saa ikiwa imetulia, onUpdate, kipande cha msimbo kinachochora sura, huitwa mara moja kwa dakika. Ukitaka sekunde ziendelee kuonekana, kuna onPartialUpdate kwa saa zinazoikubali, na hapo una bajeti: wastani usizidi milisekunde 30 kwa kila mwito, ukipimwa katika dakika nzima. Ukizidisha, mfumo unakukatia na sekunde zako zinasimama. Dawa yake ni setClip, amri ya kuweka mpaka wa kuchora: zungushia kile kipande kidogo chenye tarakimu za sekunde, uchore humo tu. Kuchora kioo kizima kwa ajili ya tarakimu mbili ni ubadhirifu.

Kwenye Wear OS, mfumo wa saa wa Google, sura za mtindo wa zamani zilikupa uhuru zaidi, na mzigo wa kuachia kihisi ulibaki kwako. Kanuni ilikuwa: kisajili sura inapoonekana, kiachie inapofichika au saa inapofifisha kioo. SensorManager, sehemu ya mfumo inayosimamia vihisi, pia hukuwezesha kutaja muda wa kuchelewesha taarifa: kwenye saa ambazo kihisi kina hifadhi yake, vipimo hujikusanya humo huku prosesa imelala, kisha vikaletwa kwa mkupuo mmoja. Muundo mpya wa mwaka 2023, Watch Face Format, umeondoa msimbo kabisa: unaeleza sura kwa XML, faili la maelezo tu, mfumo unachora.

Emuleta, ile saa ya kuigiza ndani ya kompyuta, haitakuambia lolote kuhusu betri. Jaza chaji, lala na sura iliyokuja na saa, andika asilimia ya asubuhi. Usiku wa pili rudia kwa sura yako, mipangilio ileile. Nikikuta pengo, kabla sijagusa picha wala fonti, nafungua msimbo na kutafuta kila kihisi kilichosajiliwa, niuone mstari unaokiachia.