Adui Ndiye Anayembeba Stelingi

Mwaka 2018 nusura watu wavunje banda letu la video hapa Chang'ombe, Dodoma. Tulikuwa tunaonyesha Avengers: Infinity War, mimi niko kwenye maiki natafsiri. Muvi ikaisha, watu hawatoki. Adui anayeitwa Thanos amepiga vidole, nusu ya viumbe vyote imegeuka majivu, Spider-Man amepotelea mikononi mwa shujaa mwenzake Tony Stark huku akisema hataki kwenda, halafu Thanos anakaa peke yake kijijini anatazama jua. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama: "Braza, hii diski imekatwa. Turudishie hela zetu." Banda zima likamuunga mkono.

Niliwaelewa kabisa. Mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza anajua sheria moja: stelingi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Anapigwa, anafungwa, anamwagika damu, lakini mwisho anaamka na muziki unabadilika. Sasa hapa wamekufa mastelingi nusu nzima na adui anapumzika. Ilibidi nirushe muvi mpaka mwisho wa majina, niwasomee maandishi yaliyoandikwa pale: Thanos atarudi. Baadhi ya muvi za mfululizo ule humalizia kwa kuahidi kwamba stelingi atarudi. Hii iliahidi adui. Vijana wakatoka wakibishana mpaka barabarani, na kwa mwaka mzima hadi sehemu ya pili, Endgame, ilipotoka 2019 sikupita kijiweni bila kuulizwa kama imefika.

Natafsiri muvi kwa sauti kwa miaka 14 sasa. Kazi yangu ni kusema maneno ya kila mtu kwenye muvi, mwanamke kwa mwanamume, mtoto kwa mzee, na nimejifunza jambo ambalo mtazamaji wa kawaida hana sababu ya kulijua: muvi hizi za mastelingi wenye nguvu za ajabu hukaa kichwani kwa sababu ya adui. Sikilizeni wateja wanavyoomba. Ni wachache wanaotaja jina la muvi. Wanasema, "Weka ile ya yule jamaa mwenye mikono ya chuma," au "ile ya mwendawazimu aliyejipaka rangi usoni." Stelingi wanamjua tayari, yuko kwenye fulana na kwenye mabegi ya shule. Kinachotofautisha muvi moja na nyingine ni nani kaja kumsumbua.

Kabla sijashika maiki naangalia muvi nzima kimya, kisha narudia nikiwa na daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa adui. Naandika maswali mawili: anataka nini, na kwa nini yeye mwenyewe anaona ana haki? Nikishindwa kujaza hapo, najua usiku huo watu watashika simu zao katikati ya muvi. Adui anayetaka "kuitawala dunia" tu hanipi neno la kusema zaidi ya kucheka kwa sauti nzito, na kucheka kwa sauti nzito kunachosha baada ya dakika kumi.

Bibi yangu, Mgogo wa Mvumi, alikuwa akitusimulia habari za fisi. Fisi ni mbaya, ni mlafi, anaiba, anadanganya. Lakini bibi hakuanza na ubaya wake. Alianza na njaa. Alituonyesha kwa mikono yake tumbo la fisi lilivyobonyea, jinsi alivyokuwa ametembea tangu jua kuchomoza bila kupata hata mfupa. Sisi tuliozaliwa Dodoma tunajua mwaka ambao mvua imekataa, kwa hiyo tukawa tunamwelewa fisi kabla hajafanya kosa. Akishaiba, tunaogopa na kumhurumia kwa pamoja. Hapo hadithi imeshatushika.

Thanos ana njaa ya namna hiyo. Anasema sayari yao iliangamia kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko riziki, na hakuna aliyemsikiliza. Dawa yake ni mauaji, ni uovu usio na kifani, ila hoja yenyewe inaeleweka hata kwa mama anayegawa ndoo moja ya maji kwa watoto sita. Tena tazameni muvi ile ilivyojengwa: anayesafiri ni yeye, anayetafuta ni yeye, anayempoteza mtu anayempenda ili apate anachotaka ni yeye. Safari ya stelingi amepewa adui. Pale anapomtupa Gamora, binti aliyemlea mwenyewe, kwenye genge huku machozi yanamtoka, mimi sikujua nitumie sauti gani. Nilijaribu ya kikatili, ikakataa. Mwishowe niliisema kwa sauti ya baba.

Lakini aliyeniumiza kuliko wote ni Killmonger, adui wa Black Panther, nayo ya mwaka huohuo wa 2018. Mwongozaji wake Ryan Coogler na wenzake walifanya kitu kigumu: walimpa adui madai ambayo mtazamaji hawezi kuyakataa. Baba yake, N'Jobu, aliuawa Oakland, Marekani, mwaka 1992 na kaka yake mwenyewe, mfalme T'Chaka, na mtoto akaachwa kulekule ili siri isitoke. Wakanda, nchi yao ya kubuni barani Afrika, ina utajiri na silaha, imejificha, huku watu weusi duniani kote wanateseka. Killmonger anauliza: mlikuwa wapi? T'Challa, stelingi wa muvi na mtoto wa T'Chaka aliyerithi ufalme, hana jibu. Anapoonana na baba yake na wazee wa ukoo kwenye ulimwengu wa mizimu, anawaambia usoni kwamba walikosea. Na muvi inaishia yeye akiwa Oakland, amenunua majengo ili kufungua kituo cha kusaidia watu wa pale. Adui amekufa, lakini stelingi ametekeleza nusu ya alichodai adui. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa: muvi ikiisha, je, stelingi amebadilika kwa sababu ya aliyepigana naye?

Kifo cha Killmonger nilikirudia mara nyingi kabla ya kukionyesha. Jua linazama, ana kisu kifuani, T'Challa anamwambia huenda bado wanaweza kumponya. Anakataa. Anaomba azikwe baharini pamoja na mababu zake walioruka kutoka melini kwa sababu walijua kifo ni bora kuliko utumwa. Sasa fikirieni maneno hayo yanasikika wapi. Njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita Tabora, ikapita hapa Ugogo, ikapita Mpwapwa. Watu walitembezwa kwenye ardhi hii hii wakiwa wamefungwa minyororo, kuelekea bahari.

Siku ya kwanza nilitafsiri haraka, nikasema "utumwa" nikaendelea. Baada ya onyesho mzee mmoja wa Mpwapwa, aliyekuwa amemleta mjukuu wake, akanisubiri mlangoni. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Yule kijana wa mwisho, ulimharakisha. Pale ungenyamaza kidogo." Kesho yake nilisema sentensi ile polepole, nikaweka "minyororo" badala ya "utumwa", kisha nikafunga maiki mpaka picha ibadilike. Banda lenye watu themanini lilikaa kimya hivi kwamba nilisikia upepo ukipuliza mabati.

Hapa mtu ataniuliza: na Joker, adui wa Batman, je? Yule hana historia. Ni kweli, na alinifundisha kurekebisha mawazo yangu. Joker aliingia kwenye vitabu vya katuni mwaka 1940, katika toleo la kwanza la Batman, na mpango ulikuwa afe humohumo; mhariri ndiye aliyemwokoa. Katika muvi ya Batman iitwayo The Dark Knight, ya 2008, anaeleza makovu yake mara mbili. Mara ya kwanza ni baba yake mlevi, mara ya pili ni mke wake. Nilipofika ya pili, watu wakanigeukia: "Mbona mwanzo ulisema baba yake?" Walidhani nimekosea kutafsiri. Nikawaambia, kwenye maiki, kwamba anayedanganya ni yeye. Kuanzia hapo walimwogopa kwelikweli, maana mtu asiye na chanzo hujui utamshika wapi.

Ila hoja anayo. Anataka kuthibitisha kwamba kila mtu, ukimbana vya kutosha, ni mnyama. Ndiyo maana kuna zile feri mbili, moja ya raia na moja ya wafungwa, kila moja ikiwa na kitufe cha kulipua nyingine. Mfungwa mmoja mkubwa, uso wa kutisha, anakichukua kile kitufe na kukitupa majini. Banda lilishangilia kama vile timu imefunga goli dakika ya 90. Kwa hiyo siku hizi sitafuti historia ya adui. Natafuta dai lake. Heath Ledger, aliyemwigiza Joker, alifariki Januari 2008 kabla muvi haijatoka, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Oscar akiwa kaburini.

Kuhusu sehemu ya pili na ya tatu, kosa ninaloliona mara nyingi ni kuongeza maadui kama mtu anayeongeza chumvi. Batman & Robin ya 1997 ina watatu. Spider-Man 3 ya 2007 ina watatu pia. Mtafsiri analiona tatizo kwenye daftari lake: nafungua kurasa tatu na zote zinabaki nusu tupu. Hakuna anayepata muda wa kuniambia anataka nini, wanapeana zamu ya kupigana.

Sehemu ya pili nzuri humnyang'anya stelingi kitu. Spider-Man 2 ya 2004, iliyoongozwa na Sam Raimi, inaanza na Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man asipovaa barakoa, akipeleka piza kwa kipikipiki. Anachelewa, anafukuzwa kazi. Vijana wa bodaboda wakianza tu kuiona wanasogea mbele; hilo ni lao. Baadaye nguvu zinamtoka, anatupa nguo yake kwenye pipa la taka. Kisha treni inakwenda bila breki, anaisimamisha kwa utando na kifua chake mpaka anazimia, uso wake uko wazi, na abiria wanambeba juu ya mikono yao kumrudisha ndani. Mmoja anasema ni kijana tu. Watoto wawili wanamrudishia barakoa na kuahidi hawatasema. Muvi ile haina mlipuko mkubwa kuliko zilizoitangulia wala zilizofuata, na bado naombwa kuirudia karibu kila mwezi.

Adui wake ni Doctor Octopus, mwanasayansi aliyempoteza mke wake katika jaribio alilolipanga mwenyewe, na mikono ya chuma iliyomganda mgongoni inamnong'oneza aendelee. Mwaka huu nina mwanafunzi, binti wa Kondoa, anayejifunza kazi hii. Nilimpa muvi hii awe ya kwanza. Aliponiletea rekodi niliruka moja kwa moja hadi mwisho, pale Octopus anapoishinda ile mikono na kuiamuru ibomoe mashine, naye azame nayo mtoni. Mimi miaka yote nimekisema kipande kile kwa kupaza sauti. Yeye amekisema chini, taratibu, kama mwalimu anayemjibu mwanafunzi wake, maana Peter alikuwa kijana aliyemheshimu Octopus kwa ajili ya elimu yake. Nimemwomba tuionyeshe Jumamosi, na maiki atashika yeye.