Sauti iseme, picha ionyeshe

Kila muhula nawapa wanachuo wangu wa ualimu kazi ileile: chagueni mada moja ya sayansi ya shule ya msingi, mtengeneze video ya dakika 3 ambayo mtoto ataielewa hata mwalimu asipokuwepo. Na kila muhula video za kwanza huja zimejaa pomoni. Aya nzima kwenye skrini, sauti inayoisoma aya hiyohiyo neno kwa neno, picha zinazozunguka, muziki kwa chini.

Wanafanya hivyo kwa nia njema, wakiamini kila wanachoongeza kinamsaidia mtoto. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Marekani ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba picha na maelezo ya sauti mara nyingi hufundisha vizuri zaidi kuliko picha, sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja. Macho ni yaleyale mawili. Yakisoma aya, mchoro unapita.

Kundi moja lilichagua mzunguko wa damu. Walirekodi hosteli usiku, msemaji na simu yake chini ya blanketi kukwepa mwangwi, na sauti ikatoka safi kabisa. Wakawapelekea watoto wa darasa la sita. Sauti ikasema, "Damu yenye oksijeni hurudi upande wa kushoto wa moyo," na binti mmoja akagusa kioo kushoto kwake. Pale ni kulia kwa moyo, maana moyo huchorwa kana kwamba mwenye nao amekukabili. Mwenzake akauliza damu ya bluu hukaa wapi mwilini. Vitabu vimetuzoesha rangi hiyo hadi tumesahau kuwa ni alama tu: damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokoza.

Mambo hayo mawili yaliwafunza kuliko mihadhara yangu yote kuhusu programu za kuhariri. Waliifuta aya yote. Wakaanza na mtoto aliyesimama akitutazama, mkono kifuani, ndipo mchoro wa moyo ukatokea palepale kifuani pake. Jina la kila sehemu likawa linajitokeza pale tu sauti inapolitaja, na kuhusu bluu wakatamka wazi kwamba ni rangi ya mchoro.

Ikabaki shida ya uzito. Walipoibana video ipite WhatsApp bila kumaliza bando la mzazi, majina yakafifia. Sasa wanayaandika upya kwa herufi kubwa, wakiyapima kwenye simu ndogo kuliko zote walizonazo.