Kabla ya dashibodi, nionyeshe shiti yako

Wengi wanaonitafuta hapa Tanga wanataka dashibodi, yaani ukurasa mmoja wenye grafu na namba kuu za biashara. Wameona sehemu grafu zinajibadilisha zenyewe, wakaambiwa Excel imepitwa na wakati, hamieni Power BI au Tableau, programu za kutengeneza dashibodi, mambo yatanyooka. Kutengeneza dashibodi ndo kazi yangu na naipenda, ila mimi naanza kwa kuomba ile shiti mnayojaza kila siku, maana matatizo karibu yote yanaanzia huko.

Chukua mfano kituo cha kukusanyia maziwa kule Muheza. Karani ana shiti ya mwezi, majina ya wafugaji yanashuka kushoto, siku 1 mpaka 31 zimepangwa juu kwenda kulia, ndani ni lita, anayedaiwa pumba kapakwa njano, chini kabisa kuna jumla. Kwa macho ya mtu imekaa vizuri sana, unaona mwezi mzima kwa mara moja, lakini programu haiwezi kufanya nayo kitu cha maana. Yenyewe inataka kila mstari uwe tukio moja: tarehe, mfugaji, kituo, asubuhi au jioni, lita, basi. Rangi kwenye ripoti haihesabiki, kwahiyo deni liwe na safu yake. Na ile jumla ya chini ukiiacha itachukuliwa kama mfugaji mwingine, tena ndo anaongoza, na lita za kituo zitatoka mara mbili.

Si lazima uandike upya. Power Query, sehemu ya kusafisha na kupanga upya data, ipo ndani ya Excel ya Windows tangu toleo la 2016, na hiyo hiyo ndo ipo kwenye Power BI. Unafuta mstari wa jumla, unachagua zile safu 31, unabonyeza Unpivot Columns, zinageuka safu mbili, ya siku na ya lita, na hatua zote inazikumbuka, mwezi ujao unaweka faili jipya, unabonyeza Refresh, inarudia yenyewe.

Tarehe nazo zinaumiza sana. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Kimarekani, unaandika 3/4/2025 ukimaanisha Aprili yenyewe inasoma Machi 4, ukifika 13/4 inakwama maana hakuna mwezi wa 13, inaiacha kama maandishi. Mpaka wanasayansi imewapata, mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walibadili MARCH1 ikawa MARCHF1 kwasababu Excel ilikuwa inaifanya tarehe. Mwaka huohuo Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye takwimu kwa muda sababu faili la Excel la mfumo wa zamani, xls, mwisho wake ni mistari 65,536, iliyozidi ikaachwa nje. La sasa linabeba 1,048,576.

Pamoja na hayo mimi siiachi Excel na sikushauri uiache. Tangu spredishiti ya VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston mwaka 1979, uzuri wa spredishiti ni kwamba unabadilisha namba moja na zingine zote zinafuata. Bosi akiuliza tukiongeza shilingi 100 kwa lita tutabaki na nini, hilo ni la Excel, dakika chache tu umemjibu, kumjengea dashibodi kwa swali la mara moja ni kupoteza hela yake. Power BI inalipa pale swali lilelile linaulizwa kila Jumatatu na watu sita, kila mmoja na faili lake, na hakuna majibu mawili yanayofanana. Hapo fomula ya faida inaandikwa sehemu moja, wote wanasoma hapohapo.

Gharama pia iangalie mapema. Power BI Desktop ni bure lakini ni ya Windows tu, na kuwashirikisha wenzako ripoti kwa kawaida kunahitaji leseni ya kila mtu kila mwezi. Kwa duka la Ngamiani lenye wauzaji watatu, mimi ningeanza na Google Sheets iliyounganishwa na Looker Studio, programu ya dashibodi ya Google, bila malipo, na bosi anafungulia kwenye simu.