Je, wajua? Kwa nini aliyenyonywa mafuta hapungui kilo nyingi

Katika saluni za Mwanjelwa, Mbeya, siku ya Jumamosi, simu hupita mkono kwa mkono ikiwa na picha mbili za mwanamke mmoja. Kushoto nyama uzembe zimemwagika juu ya mkanda wa suruali, kulia kiuno kimeingia, shepu namba nane. Swali linalofuata huwa ni bei ya upasuaji huo wa kunyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi (liposuction). Lenye maana zaidi huulizwa na wachache: amepungua kilo ngapi?

Pengine mbili, pengine tatu. Lita moja ya mafuta haifiki kilo moja, na kile kinachojaa kwenye chupa ya mashine si mafuta matupu. Kimechanganyika na maji ya dawa na damu kidogo. Madaktari wengi hawapendi kuvuka lita 5 kwa mara moja, maana hapo mwili huanza kuyumba kwa kupoteza maji na damu, na mgonjwa anahitaji kulala hospitali akiangaliwa. Siku za mwanzo mizani inaweza hata kupanda, kwa sababu ya uvimbe. Mwenye kilo 95 anayetegemea kutoka theatre na kilo 75 amekosea mlango.

Tumboni kuna mafuta ya aina mbili. Yapo yaliyo chini ya ngozi, juu ya misuli, ambayo ukiyabana kwa vidole viwili yanashikika. Na yapo yaliyo ndani kabisa, nyuma ya misuli, yanayozunguka utumbo na kujaa kwenye ini. Jaribu ukiwa umesimama: kaza tumbo, kisha libane kwa vidole. Kama unashika ngozi nyembamba tu na kitambi bado kimetuna, kigumu, basi sehemu kubwa ya kitambi chako iko ndani, na mrija wa kunyonya haufiki huko. Wala hautakiwi kufika, maana hapo pana utumbo. Ndiyo maana nasema wazi kwamba wanaume wengi wenye vitambi vigumu ninaowaona pale Kabwe na Soweto, Mbeya, hawana kazi na upasuaji huu, hata kama pesa wanayo.

Tena mafuta ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta mengi kuliko kawaida, takriban kilo 10 kila mmoja. Walipopimwa tena wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu, sukari, lehemu (kolesteroli) na namna mwili unavyoitikia insulini vilikuwa palepale. Kwa hiyo anayekwambia ufanyiwe ili presha ishuke anakuuzia.

Yenyewe hufanywaje? Kwanza daktari huchora kwa kalamu maeneo ya kunyonya ukiwa umesimama, maana ukilala nyama zinahama. Kisha anapiga maji mengi ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini chini ya ngozi. Eneo hilo huvimba, hukakamaa na kupauka, kwa sababu mishipa midogo imebanwa na damu haitoki kwa wingi. Baada ya hapo hutoboa vitundu vya milimita chache, huingiza mrija mwembamba na kuusukuma mbele na nyuma huku mashine ikivuta. Mbinu hii ya maji ilichapishwa mwaka 1987 na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, na ilipunguza sana upotevu wa damu. Kabla ya mbinu hiyo, miaka ya 1920, mjini Paris, daktari alijaribu kukwangua mafuta ya mguu wa mcheza dansi, na mguu huo ukaishia kukatwa. Ganzi nayo ina kiwango chake kulingana na uzito wa mtu. Ikizidi, inaweza kuleta degedege na kusimamisha moyo. Usikubali kufanyiwa kwenye chumba cha nyuma cha saluni wala kwenye kliniki isiyo na mtaalamu wa usingizi na oksijeni.

Je, mafuta hurudi? Seli zilizotolewa mahali pale zimekwenda. Zilizobaki kwingine, ukiendelea kula kupita mahitaji, hunenepa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado uliotoka mwaka 2011 ulifuatilia wanawake wasio wanene walionyonywa mafuta hasa ya mapaja. Baada ya mwaka mmoja jumla ya mafuta mwilini ilikuwa imerudi, lakini si mapajani, yalihamia tumboni. Kwa mtu wa Tukuyu anayerudi kwenye ndizi na parachichi zake, habari si kwamba aache kula, bali kwamba mwili una hesabu zake.

Kina mama waliokwisha kuzaa wanahitaji kusikia jambo jingine. Tumbo lililolegea baada ya mimba mara nyingi ni ngozi iliyotanuka na misuli iliyoachana katikati. Ukinyonya mafuta hapo ngozi inaning'inia zaidi. Kinachotakiwa ni upasuaji mwingine, wa kukata ngozi na kushona misuli, ambao ni mkubwa na una kovu refu. Ngiri ya kitovu, hata ndogo, lazima itafutwe kabla, kwa sababu mrija unaweza kutoboa utumbo uliojificha humo. Na kama ukitoboa sikio au ukichanjwa unaota kovu linalovimba, sema mapema, kwani vitundu vile ni vidonda pia.

Kuna jingine linalochanganywa na hili: kuchukua mafuta ya tumbo na kuyachoma kwenye makalio. Hilo lina hatari kubwa zaidi. Mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu ya makalio husafiri hadi moyoni na kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa akiwa bado theatre. Ripoti ya madaktari wa upasuaji rekebishi ya mwaka 2017 ilikadiria vifo kuwa hadi 1 kati ya upasuaji 3,000, kiwango ambacho kwa upasuaji wa urembo ni cha kutisha.

Kabla ya siku yenyewe utapimwa wingi wa damu, sukari, figo, namna damu inavyoganda, na ujauzito. Mwambie daktari kila unachomeza: aspirini, diklofenaki unayonunua duka la dawa ukiumwa mgongo, vidonge vya uzazi wa mpango, mitishamba. Sigara huachwa wiki nne hivi kabla. Jina la daktari uliza kama limesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama ni bingwa wa upasuaji rekebishi hasa. Bima kwa kawaida hailipi urembo, hivyo bei uliyotajiwa iulize vizuri: ina vipimo, usingizi, nguo ya kubana utakayovaa wiki kadhaa, na kurudi kuangaliwa?

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaofuata huduma hii Dar es Salaam wana tatizo ambalo wa Sinza hana: safari ya kurudi. Kutoka stendi ya Magufuli hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima umekunja miguu kwenye basi, Mikumi, Kitonga, Makambako. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji damu yake iko tayari kuganda kuliko kawaida, na kukaa bila kusogea huongeza hatari hiyo. Damu ikiganda kwenye mguu, kipande chake kinaweza kukimbilia mapafuni. Panga kukaa Dar hadi daktari aliyekupasua akuruhusu kusafiri, na gharama ya chumba iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Ndege ya Songwe inafupisha safari, ila nayo mpaka aseme yeye. Ondoka na barua inayoeleza ulichofanyiwa na dawa ulizopewa.

Njiani, kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, kifua kikichoma au pumzi ikikata, usisubiri kufika nyumbani. Ukiwa karibu na Iringa, shuka Ipogolo kisha panda mjini hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Ukiwa umeshakaribia Mbeya, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Wengi hufanyiwa kwa siri, hata mume hajui, na wakifika mapokezi wanasema ni mafua ya kifua. Mwoneshe daktari wa zamu ile barua, na vitundu vya tumboni mwoneshe.