Maswali na majibu: dawa baada ya somo, na kumbukumbu ya panya

Kwa nini watafiti wampe panya dawa baada ya kumfundisha, si kabla?

Ukimpa kabla, hutajua dawa imegusa nini. Huenda imemtia njaa au woga, nawe ukadhani amepata akili. Ukimpa baada, somo limekwisha. Kazi iliyobaki ni ya ubongo kulihifadhi. Anapopimwa kesho yake, dawa nyingi zimeshaisha nguvu mwilini. James McGaugh, mtafiti wa kumbukumbu wa Marekani, ndiye aliyeeneza sana mbinu hii, na naiona bado haijapata mpinzani.

Muda una uzito gani?

Mkubwa. Mwaka 1949 mtafiti Carl Duncan alifundisha panya kukimbilia upande wa pili wa kisanduku taa ikiwaka, wasije wakapigwa na umeme miguuni. Jaribio lilikuwa moja kwa siku. Kila baada ya jaribio walipigwa shoti ya kichwa: kundi moja baada ya sekunde 20, jingine dakika 15, mengine saa 1 na kuendelea. Waliopigwa mapema kabisa hawakushika karibu chochote. Waliocheleweshwa saa 1 au zaidi walijifunza sawa na wasioguswa.

Wapo waliosema shoti yenyewe ni adhabu, kwa hiyo panya waliogopa tu, hawakusahau. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini dawa za kuchangamsha ubongo zilionyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili: zikidungwa mara tu baada ya somo, kumbukumbu huimarika, zikicheleweshwa saa kadhaa, hazifui dafu.

Basi mtu ameze kitu akimaliza kusoma?

Hapana! Mojawapo ya dawa hizo, strikinini, ni sumu ya panya. Hata adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa mtu akishtuka, kiasi cha wastani hujenga kumbukumbu, kikizidi huivuruga.

Adrenalini haipenyi kirahisi hadi kwenye ubongo. Inafanyaje kazi?

Huamsha neva ya vagusi, inayounganisha viungo vya ndani na ubongo, ambayo hupeleka taarifa hadi amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia kama woga. Nayo amigdala huzichochea sehemu nyingine, kama hipokampasi inayohusika na kumbukumbu, zihifadhi kwa nguvu zaidi.

Muda huo ukipita, kumbukumbu haiguswi tena?

Hugusika ikiamshwa. Mwaka 2000 mtafiti Karim Nader na wenzake waliwasikilizisha panya mlio waliokwisha kufundishwa kuuogopa, kisha wakawadunga ndani ya amigdala dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Walipopimwa baadaye, woga ulikuwa umepungua sana. Waliodungwa bila kusikilizishwa mlio waliendelea kuogopa, na waliodungwa saa 6 baada ya kuusikia vilevile.