Wajerumani wa kale hawakuishi kwa kuwinda

Juzi nimeulizwa tena, eti Wajerumani wa kale, yale makabila ya enzi za Roma, si walikuwa wanashinda msituni wanakula nguruwe mwitu na kunywa pombe? Jamani. Kazi yangu ni mifupa ya wanyama inayofukuliwa kwenye vijiji vya zamani, na mifupa haisemi hivyo kabisa.

Stori hii ilianzia kwa Julius Caesar, jemadari wa Roma, alisema kilimo hawakijali, maisha yao ni kuwinda na vita. Lakini huyohuyo alisema chakula chao kikubwa ni maziwa, jibini na nyama, watu wanakariri "kuwinda" tu, maziwa wanayaruka! Tacitus naye, mwandishi wa Roma, mwaka 98 baada ya Kristo akataja nyama ya mawindo, ila akataja pia pombe ya shayiri, sasa shayiri bila shamba inatoka wapi?

Nenda Feddersen Wierde, kijiji cha kale kaskazini mwa Ujerumani, palichimbwa kuanzia 1955. Nyumba ni ndefu, watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili chini ya paa hilohilo, kila mnyama na kibanda chake kilichotengwa kwa fito, katikati mfereji wa mavi, na mavi hayohayo ndiyo yaliyotutunzia mbao mpaka leo. Mifupa karibu nusu ni ya ng'ombe, halafu kondoo, farasi, nguruwe. Wanyama wa porini hata asilimia 5 hawafiki. Walilima shayiri, kitani, maharage. Utasema pale ni pwani, msitu hakuna, sawa, ila vijiji vya bara navyo picha ni ileile.

Halafu ukishika taya la ng'ombe angalia magego. Yakiwa yamesagika mpaka yamekuwa bapa, huyo alizeeka, hakufugwa kwa ajili ya nyama, alikamuliwa au alivuta jembe miaka na miaka. Ng'ombe wenyewe wadogo, wengi kimo chao begani hakizidi sana sentimita 110.

Nikiri kitu kimoja kinachonisumbua. Mwindaji akichuna mnyama msituni akabeba mnofu tu, mifupa inabaki hukohuko na mimi siioni kijijini, kwa hiyo hesabu zetu huenda zinapunja mawindo kidogo. Kidogo, sio kiasi cha kugeuza picha nzima.

Na yule mtu wa Tollund, Denmark, maiti ya kale iliyohifadhika, aliyekutwa kwenye tope la mboji mwaka 1950, kumwita Mjerumani wa kale kwa uhakika mimi siwezi, alikufa karibu miaka 2,400 iliyopita. Ila tumboni alikuwa na uji wa shayiri na mbegu za kitani na za magugu, pamoja na samaki kidogo.