Leo jike, kesho dume: ratiba ya ua la parachichi

Swali ninaloulizwa sana na wakulima ni mbona mparachichi unatoa maua mpaka majani hayaonekani halafu matunda ni ya kuhesabu. Kwanza msiogope, hata kwenye mti wenye afya haifiki asilimia 1 ya maua yanayokuwa tunda, mengine yanadondoka tu. Ila kuna hii ratiba ya ua lenyewe, na kwa kweli kwenye fani yangu sijaona kitu kinachonifurahisha kama hiki.

Ua la parachichi lina jike na dume humohumo, ila linafunguka mara mbili tu, na kila mara kwa kazi tofauti. Chukua aina ya parachichi inayoitwa Hass. Siku ya kwanza asubuhi linafunguka kama jike, ukiliangalia kwa karibu unaona stigma nyeupe, yaani sehemu ya jike inayopokea chavua, imesimama katikati na stameni 9, vijiti vya dume vinavyotoa chavua, zimelala pembeni, chavua yenyewe hakuna hata punje. Mchana linafunga. Kesho yake mchana linafunguka tena, safari hii stameni zimesimama, vijimlango vyake vimefunuka na chavua iko nje, huku stigma mara nyingi imeshakauka imekuwa kahawia. Yaani halijichavushi, na mti wa jirani nao hausaidii sana maana Hass zote zinatokana na kubebesha vikonyo vya mti mmoja wa California, ule ambao Rudolph Hass aliuwekea hataza mwaka 1935, kwa hiyo shamba zima linafuata ratiba ileile.

Fuerte sasa, aina nyingine ya parachichi, iko kinyume, jike mchana, dume kesho yake asubuhi. Asubuhi Fuerte inaipa Hass chavua, mchana Hass inairudishia, nyuki ndo anabeba, sababu chavua yenyewe inanata na upepo hauifikishi mbali.

Sehemu za baridi kama Njombe ratiba inachelewa na kuvurugika, jike na dume wanakutana kwenye mti uleule, ndo maana hata mparachichi wa peke yake nyuma ya nyumba unaweza kuzaa. Lakini kwa shamba la biashara mi siwezi kutegemea baridi. Naona watu wanang'oa Fuerte zote eti soko linataka Hass, jamani acheni hata chache katikati ya mistari, wekeni na mizinga ya nyuki, na maua yakishafunguka hiyo dawa ya wadudu iacheni stoo.